Kibali cha Kuongeza Nyumba: Maswali Huanzia kwenye Nyumba Iliyopo

Familia imeongezeka, au mzazi amehamia mjini kwa mtoto wake ili awe karibu na hospitali, au kuna wazo la kujenga vyumba viwili vya kupangisha uani. Fundi anaitwa, anapima kwa hatua, anataja idadi ya tofali, mifuko ya saruji na nondo, na siku chache baadaye lori la mchanga linamwaga getini. Habari ya kibali huja msingi ukiwa umeshachimbwa, na mara nyingi huletwa na ofisa wa kata aliyepita akaona rundo la kokoto.

Wengi tunajua kwamba nyumba mpya inahitaji kibali. Kinachotupotosha ni imani kwamba kuongeza vyumba kwenye nyumba yako, ndani ya uzio wako, ni jambo la familia. Sheria ya Mipangomiji ya Tanzania ya mwaka 2007 haiichukulii hivyo. Katika eneo lililotangazwa kuwa la mipangomiji, hakuna kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri yako ya jiji, manispaa, mji au wilaya, na kuongeza jengo ni kuendeleza. Kibali ulichopewa wakati wa kujenga nyumba ya kwanza hakikufuniki, kwa kuwa kilitolewa kwa mchoro ule uliogongwa muhuri. Chumba kisichoonekana kwenye mchoro huo hakina kibali, hata kama mwenye kiwanja ni yuleyule.

Makala haya yanahusu zaidi Tanzania Bara. Utaratibu wenyewe ukisimuliwa juujuu unaonekana mfupi: michoro, fomu, ada, kikao, kibali. Lakini waombaji wa kuongeza nyumba hukwama mahali ambapo waombaji wa nyumba mpya hawakwami, na sababu ni moja. Ombi la kuongeza huwapeleka maofisa kwanza kwenye nyumba iliyopo. Ina kibali? Iko ndani ya mipaka? Msingi wake unabeba nini? Choo chake kinamwaga wapi? Majibu yakiwa mabaya, vyumba vipya havifiki hata mezani.

Karatasi za umiliki

Tuanze na barua ya serikali ya mtaa, maana hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi, kwamba kiwanja kinajulikana ni chako na hakina mgogoro. Barua hiyo ina kazi yake na halmashauri nyingi huihitaji kwenye faili. Ila si kibali cha ujenzi, na mtaa hauna mamlaka ya kukitoa. Ukiambiwa "mtendaji anajua, endelea tu", umepewa ujirani mwema, hukupewa ulinzi wa kisheria.

Kinachotakiwa ni uthibitisho wa umiliki: hati, au barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa, pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi. Deni la pango ni jambo dogo linalosimamisha mafaili mengi, kwa hiyo lilipe kabla hujamlipa mchoraji. Hapa kuna mkanganyiko mwingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na baadhi ya wenye nyumba huamini kwamba kwa kuwa serikali inapokea kodi ya jengo, basi imeshalitambua jengo hilo kihalali. Kodi ya majengo ni tozo ya jengo lililopo. Haisemi chochote kuhusu kibali chake.

Kwenye maeneo yasiyopimwa hali ni ngumu zaidi, na hapo ndipo inapoishi sehemu kubwa ya watu wa Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine. Leseni ya makazi inakutambua kama mkaaji, lakini haikupi nguvu zote za hati. Mradi wa urasimishaji, yaani wa kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ukifika mtaani kwenu, mchoro wa mipangomiji utachorwa juu ya hali iliyopo na barabara za mitaa zitatafutiwa nafasi katikati ya nyumba. Vyumba vilivyoongezwa hadi ukingoni mwa kichochoro ndivyo vinavyozua ugomvi siku wapimaji wanapokuja na bikoni, yaani alama za mpaka. Ningekuwa na kiwanja kwenye mtaa wa aina hiyo, ningeuliza ofisi ya mipangomiji kwanza kama mchoro wa eneo umeshaandaliwa, halafu ndipo nifikirie tofali.

Kuna pia nyumba ya urithi. Baba alifariki, hati bado ina jina lake, na mtoto mmoja mwenye kipato anataka kuongeza vyumba uani. Halmashauri haiwezi kumpa kibali marehemu. Anayestahili kuomba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na busara inataka warithi wenzake waweke ridhaa yao kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu majengo ya kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Maana yake, vyumba ulivyojenga kwa fedha zako kwenye kiwanja cha familia vinaifuata ardhi, na siku ya mgawanyo utahitaji ushahidi zaidi ya kumbukumbu ya fundi. Hali hii inaumiza watu wengi, hasa watoto wanaotuma fedha kutoka mbali, na inazuilika kwa muhtasari wa kikao kimoja cha familia uliosainiwa na wote.

Ikiwa nyumba imewekwa rehani benki, isome mikataba ya mkopo kabla ya kugusa ukuta. Mara nyingi mkopeshaji anataka kuombwa ridhaa.

Kila ofisa ana swali lake

Faili likishapokelewa, iwe kwa mkono au kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, linapita kwa wataalamu kadhaa. Kwa mwombaji inaonekana kama kuzungushwa. Kwa hakika kila mmoja anautazama ukuta uleule kwa swali tofauti, na ukiyajua maswali hayo mapema unaweza kuyajibu kwenye mchoro wenyewe.

Ofisa ardhi anauliza kuhusu mmiliki na masharti ya hati. Ofisa mipangomiji anauliza kuhusu matumizi, umbali kutoka mipakani, na kiasi cha kiwanja kitakachofunikwa na jengo. Ofisa afya anatazama hewa, mwanga, choo na majitaka. Mhandisi anauliza kama jengo litasimama, na msanifu majengo wa halmashauri anaangalia kama michoro yenyewe imekamilika na inasomeka. Kwa majengo ya ghorofa na yanayokusanya watu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lina neno.

Swali la mipangomiji ndilo linaloangusha maombi mengi ya kuongeza, na ni hesabu tu. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Tuseme masharti ya eneo lenu yanaruhusu jengo kufunika nusu ya kiwanja. Unazo mita za mraba 150 za kutumia. Nyumba iliyopo ina mita 11 kwa 10, hizo ni 110. Uani kuna banda la jiko na stoo la mita za mraba 20. Zimebaki 20. Vyumba viwili vya mita 3.5 kwa 4 kila kimoja vinakula 28 kabla hujahesabu unene wa kuta. Havitoshi, hata kama kwa macho uani panaonekana peupe. Kiwango cha kufunika hutofautiana kulingana na kama kiwanja ni cha ujazo wa juu (viwanja vidogo), wa kati au wa chini (viwanja vikubwa), kwa hiyo lazima ukiulize kwa namba ya kiwanja chako. Lakini hesabu yenyewe unaweza kuifanya leo kwa futi ya fundi na kalamu.

Kisha kuna umbali kutoka mpakani. Watu huuona kama ardhi iliyopotea, na wengine huita "kuachia jirani". Nafasi hiyo ina kazi zake. Ndimo hewa na mwanga hupita kuingia dirishani, ndimo maji ya paa lako hudondokea badala ya kumwagika kwa jirani, na ndimo mtu wa zimamoto hupita na mpira wake nyumba inapowaka. Ukijenga chumba hadi mpakani, dirisha la upande huo umelipoteza, na jirani naye akifanya hivyohivyo mnabaki na kuta mbili zilizobanana zenye maji katikati. Mitaa ya zamani yenye nyumba za Kiswahili za vyumba sita ina mifano ya kutosha ya vyumba vya namna hiyo, vyenye unyevu mwaka mzima.

Na mpaka ni upi hasa? Ni ule wa bikoni. Uzio wa jirani si ushahidi, kwa sababu uzio hujengwa na mafundi na mafundi hukosea. Kwa anayeongeza jengo karibu na ukingo, gharama ya kumwita mpimaji ardhi afufue bikoni ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta uliopita mpaka.

Ofisa afya mara nyingi ndiye anayeshtukiza. Kwenye viwanja vidogo, uani ndiko kuliko na shimo la choo, karo na shimo la kunyonya maji, na ndiko kunakotamaniwa kwa vyumba vipya. Kujenga chumba juu ya shimo la choo la zamani ni hatari: mfuniko hubeba mzigo ambao haukutengenezewa, gesi hupanda, na gari la kunyonya majitaka halipati njia tena. Halafu vyumba viwili vya wapangaji ni watu wanne au sita zaidi kwenye shimo lilelile. Mchoro wako uonyeshe shimo lililopo liko wapi, litaendelea kutumika au litafukiwa, na gari litafikaje. Ukiliacha shimo bila kulichora, ofisa atakuja kuliona mwenyewe, na faili litarudi.

Ukipanda juu

Kiwanja kikijaa, macho hupanda juu. Nyumba ya chini igeuzwe ghorofa, watoto walale juu, chini pakodishwe. Hapa nitasimama kwa muda mrefu kidogo, kwa kuwa hapa kibali kinahusu uhai.

Zege la kawaida lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16, kwa hiyo slabu ya chumba hicho kimoja ina uzito wa karibu tani 5.8, kabla ya kuta za juu, paa, tangi la maji, vitanda na watu. Mzigo wote huo unashuka kwenye kuta za tofali na msingi uliochimbwa na mtu aliyeambiwa nyumba ya chini ya bati. Kama udongo ni mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, mzigo wa nyongeza unauzidishia mchezo huo.

Ndiyo maana mhandisi hataridhika na mchoro wa ghorofa mpya peke yake. Atataka kujua kilichopo chini. Msingi hufukuliwa sehemu mbili tatu kando ya ukuta ili kuona kina na upana wake. Nguzo na mkanda wa zege vikipatikana hupimwa ubora, na nondo zilizomo hutafutwa. Mara nyingi jibu ni kwamba ghorofa ijengewe nguzo zake na misingi yake, zikipita ndani au kando ya nyumba ya zamani bila kuiegemea. Hilo ni ghali, na ni bora ulisikie likiwa kwenye karatasi. Michoro ya vyuma lazima isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ya usanifu itoke kwa mtaalamu anayetambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ramani ya kununua mtandaoni haikijui kiwanja chako, haiujui msingi wako, na hakuna anayewajibika nayo siku jengo likipasuka.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa la Kariakoo, lililokuwa limejaa wafanyabiashara, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 25, na taarifa za siku zile zilieleza kuwa kazi ya kuchimba chini yake ilikuwa ikiendelea ili kuongeza nafasi. Jengo la Kariakoo ndilo ningetaka kila anayepanga kuongeza alikumbuke. Lilikuwa jengo la zamani, limesimama kwa miaka, watu wamelizoea. Kusimama kwa miaka kulithibitisha kwamba liliubeba mzigo wake wa awali kwa msingi wake wa awali, basi. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo viwili, uthibitisho huo umekwisha.

Fremu mbele ya nyumba

Nyongeza inayopendwa kuliko zote pengine ni fremu za maduka upande wa barabara. Zina maswali mawili ya ziada. La kwanza ni matumizi. Hati yako ikisema makazi, duka ni matumizi mengine, na unatakiwa kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kabla ya kibali cha ujenzi. Barabara nyingi zenye shughuli hubadilishwa kuwa za makazi na biashara pamoja, kwa hiyo ombi lako huenda likakubaliwa bila shida, ila lazima liombwe.

La pili ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotokea alama za X zenye rangi mbili tunazoziona ukutani: nyekundu kwa aliyeingia kwenye hifadhi na asiyestahili fidia, kijani kwa yule ambaye hifadhi ilimfuata alipo. Na mita 30 si kikomo kila mahali. Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu hifadhi ya kipande kile ilihesabiwa kufika mita 121.5 kila upande. Kwa hiyo usipime kwa kumwangalia jirani mwenye fremu. Kama barabara ni kuu au ya mkoa, waulize TANROADS, wakala wa barabara hizo. Kama ni ya mtaa au ya wilaya, waulize TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Waombe wakuonyeshe mwisho wa hifadhi kwenye ardhi, palepale mbele ya nyumba.

Vivyo hivyo kwa mito, maziwa na bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 ambazo hazitakiwi kuguswa kwa shughuli za kudumu. Waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015 walijifunza kwamba nyumba kukaliwa miaka mingi haiondoi masharti hayo.

Zanzibar ina taratibu zake, na Mji Mkongwe una mamlaka yake maalumu ya hifadhi. Huko hata kubadilisha dirisha au mlango kunaombewa ruhusa. Mji ule uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini sababu ya tahadhari ni ya kiufundi pia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake una mwisho. Ukiziba ukuta wa chokaa kwa plasta ya saruji, unyevu unakosa njia ya kutoka na ukuta huoza kwa ndani. Anayetaka kuongeza chumba juu ya nyumba kama hiyo anahitaji mtu anayezijua nyumba hizo, na mamlaka itamuuliza ni nani.

Nyumba ya zamani haina kibali. Sasa?

Hili ndilo swali linalowafanya watu wakwepe ofisi. Nyumba ilijengwa zamani, kibali hakikutafutwa au kimepotea, na mwenye nyumba anaogopa kwamba akiomba kibali cha vyumba viwili atajichongea hadi kwenye nyumba nzima.

Kama kilipotea, anzia kwenye masjala ya halmashauri ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Kama hakikuwahi kuwepo, mwajiri msanifu apime nyumba ilivyo leo na kuichora yote, kisha nyongeza ionyeshwe kwa rangi au mistari tofauti kwenye mchoro uleule. Omba vyote kwa pamoja. Halmashauri inaweza kutoza faini, au kutaka marekebisho, na kama kuna sehemu iliyoingia kwenye hifadhi au kwa jirani, sehemu hiyo haitasafishwa na muhuri wowote. Lakini nyumba iliyo ndani ya mipaka, yenye choo kinachokubalika na msingi unaoeleweka, ina nafasi nzuri ya kurasimishwa. Kwa maoni yangu ni afadhali kwenda mwenyewe, kwa muda wako, kuliko kuitwa na ilani ya kusimamisha ujenzi wakati mafundi wanalipwa kwa siku na saruji inagandia stoo.

Muda wa kusubiri hupungua sana ukiuliza mambo mawili siku ya kwanza: kikao cha kupitia vibali hukaa lini, na ukaguzi wa kiwanja utafanyika kabla ya kikao kipi. Faili likikosa kikao kwa siku moja hungoja kinachofuata. Ada hutegemea ukubwa na aina ya jengo, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Anayetaka fedha mkononi "aharakishe" hakuuzii muda. Anakuuzia karatasi ambayo huenda haimo kwenye rejista.

Kibali kikitoka, kisome nyuma na mbele. Kina muda wa kuanza na wa kumaliza, na kina masharti. Seti ya michoro yenye muhuri ikae eneo la ujenzi, kwa sababu mkaguzi akija ataitaka hiyo. Mwite mkaguzi msingi unapokuwa wazi kabla haujafukiwa, nondo zinapokuwa zimesukwa kabla ya kumwaga zege la mkanda au slabu, na tena kabla ya kupaua. Fundi akitaka kusogeza ukuta hata nusu mita, mchoro urekebishwe na kurudishwa kwanza. Jengo likikamilika, omba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kuruhusu kuhamia, kisha nakala zote, pamoja na michoro ile yenye muhuri na vumbi la saruji, zitunzwe kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Mtoto atakayetaka kuongeza ghorofa miaka ishirini ijayo ataulizwa hizo kwanza.